Kupima Mteremko wa Kyamwilu

Ukitoka Machakos mjini kwa barabara ya Mutituni, baada ya kilomita 12 hivi unafika Kyamwilu, kwenye kilima cha Kituluni. Hakuna lango wala tiketi. Ni kipande tu cha lami, mashamba huku na huku, na vijana wawili watatu ukingoni wenye chupa za maji wakingoja wageni. Gari likisimama, kijana mmoja huinuka akamwomba dereva atoe gia na kuachia breki. Gari husita kidogo, kisha likaanza kwenda lenyewe, tena kuelekea upande ambao kila mwenye macho angeapa kuwa ndio juu. Kijana anamimina maji kwenye lami. Maji nayo yanapanda.

Nimeyaona, na yalinishtua. Sisi tuliokua tukiambiwa kwamba maji hayapandi mlima tunapaona Kyamwilu kama mahali palipoamua kutubishia. Wenyeji wana maelezo yao. Wapo wanaosimulia habari za wanaume wawili, Kyalo na Mwilu, walioshiriki mke mmoja, na kusema kwamba jina la mahali limetokana nao. Wapo wanaosema ardhini kuna sumaku. Wapo wanaosema ni kazi ya Mungu, na hawaoni haja ya kuchimba zaidi.

Mimi nilifika pale nikifuatana na darasa la Gredi ya 8 kutoka shule moja ya umma ya maeneo ya Iveti, pamoja na mwalimu wao wa sayansi. Tangu Januari 2023, chini ya Mtaala wa Umilisi, watoto wa umri huu wanasoma sekondari msingi, na madarasa yao yamewekwa ndani ya shule za msingi. Somo lao linaitwa Sayansi Jumuishi, na vitabu vyake vinawataka wafanye majaribio. Lakini shule za msingi hazikujengwa zikiwa na maabara. Mwalimu huyu ana kabati moja la chuma lenye kufuli, na ndani yake vitu vingi vimetoka nyumbani kwa watu. Siku hiyo vilipakiwa kwenye gunia: gololi za kioo, mpira mdogo wa mbao, sindano ya kushonea, sumaku iliyobanduliwa kwenye spika ya redio mbovu, fito mbili zilizochorwa sentimita kwa kalamu ya wino mzito, na mpira wa plastiki mwembamba unaopitisha mwanga, urefu wa mita 10, ulioazimwa kwa fundi mwashi.

Ombi la mwalimu kwangu lilikuwa moja. "Usiwaambie kitu. Hata wakikuuliza."

Kabla ya kufika barabarani tulipitia shambani kwa mama mmoja mzee ambaye watoto walimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita bibi. Shamba lake limekaa kwenye mteremko mkali na limekatwa matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro kwa kufuata usawa wa ardhi, udongo unautupa upande wa juu, ukingo unasimama, na mvua zinavyopita ardhi kati ya ukingo na ukingo inajisawazisha yenyewe. Hilo jina la Kiswahili linatumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote, na sehemu kubwa ya sifa yake ilipatikana hapa. Miaka ya 1930 vilima hivi vya Ukamba vilikuwa vinamomonyoka kiasi cha kuwatia hofu maafisa wa kikoloni. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba tangu miaka hiyo ya 1930 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua. Waliofanya kazi hiyo ni watu kama Susu, wengi wao akina mama katika vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, kwa jembe na karai.

Na kwa kipimo. Hilo ndilo lililotupeleka kwake. Mtaro wa fanya juu usipokuwa sawa, maji hukimbilia upande ulio chini, hujaa pale na kuvunja ukingo, na msimu mmoja wa mvua kubwa unaweza kufuta kazi ya mwaka. Kwa hiyo Susu ana chombo chake: miti miwili iliyofungwa juu ikaachana chini kama herufi A, mti wa tatu umekatiza katikati, na kutoka kileleni inaning'inia kamba yenye jiwe. Alipowauliza watoto watajuaje alama ya usawa iko wapi kwenye mti wa katikati, wakasema pale katikati kabisa. Akatikisa kichwa. Miti yake haina urefu mmoja. Ule wa kushoto umekwisha kidogo kwa kuburutwa.

Akawaonyesha, naye hakutumia rula wala kitu kingine chochote. Alisimamisha chombo kwenye ardhi isiyo sawa, akaweka kijiwe chini ya kila mguu ili apajue mahali, akangoja kamba itulie, akachora mstari wa mkaa pale ilipokata mti. Kisha akakigeuza: mguu wa kushoto kwenye kijiwe cha kulia, wa kulia kwenye cha kushoto. Kamba ikatulia mahali pengine. Akachora tena. "Sasa katikati ya hizi mbili," akasema, na hapo ndipo alama ya usawa ilipo. Kasoro ya miti inavuta mara moja huku na mara moja kule kwa kiasi kilekile, kwa hiyo katikati ya alama hizo mbili haipo tena. Watoto walirudia wenyewe mara kadhaa, kila kikundi kwenye ardhi yake, na alama za vikundi vyote zikaangukia karibu mahali pamoja. Nimewahi kuona maabara zenye vifaa vya bei kubwa ambamo hakuna aliyefundishwa jambo hili, kwamba chombo chenye kasoro kinaweza kukupa kipimo cha kweli ukijua namna ya kukigeuza.

Barabarani wazazi wawili walisimama na vitambaa vyekundu kila upande kuzuia magari. Mwalimu hakuanza na maji. Alianza na madaftari. Kila mtoto aandike, kwa kalamu ya wino na bila kumtazama jirani, upande upi ni juu na upande upi ni chini, na maji yakimiminwa katikati yataelekea wapi. Wino una maana yake. Mwanafunzi akiandika kwa penseli, matokeo yakija tofauti mkono wenyewe humtuma kwenye kifutio, na akishafuta anaamini kwamba alijua tangu mwanzo. Wengi waliandika kwamba upande wa Mutituni uko hivi na wa mjini uko vile, kwa uhakika wa mtu anayeandika jina lake. Wachache waliokwisha kusikia sifa za mahali waliandika kwamba maji yatapanda.

Maji yakamiminwa, yakapanda. Kelele zake sitazisimulia. Gololi ikawekwa, ikapanda. Mpira wa mbao ukapanda. Chupa tupu ya plastiki ikabingirika, nayo ikapanda.

"Ni sumaku," mvulana mmoja akasema, na mwalimu akamkabidhi ile sumaku ya spika. Akaisogeza kwenye gololi: kimya. Kwenye mbao: kimya. Kwenye chupa: kimya. Mwenzake akaisugua sindano kwa sumaku, upande mmoja, mara nyingi, wakaiweka juu ya jani kwenye karai la maji, mbali na sumaku yenyewe. Sindano ikajizungusha polepole ikatulia. Wakahamisha karai mwanzo wa kipande kile, katikati na mwisho, na kila mahali sindano ikatazama upande uleule. Mvulana aliyesema sumaku ndiye aliyeandika kwenye ubao mdogo kwamba sumaku haielezi, na nilipenda kwamba mwalimu alimwachia yeye chaki badala ya kumsahihisha.

Ndipo ukatolewa mpira wa maji. Kila fundi wa Kenya anayeweka msingi wa nyumba anaujua: unaujaza maji, unashika ncha zote mbili wazi, na maji ya ncha hii yatasimama kwenye usawa mmoja na ya ncha ile hata kama katikati mpira umepinda au umelala mtaroni. Uzito wa maji ya upande mmoja unasukuma ya upande mwingine mpaka yalingane. Wakafunga ncha moja kwenye kila fito, mtoto mmoja akasimama na fito pale macho yalipoonyesha chini, mwingine pale macho yalipoonyesha juu. Ardhi ikiwa chini zaidi, maji husimama juu zaidi kwenye fito yake. Hilo walikuwa wamelifanyia mazoezi kwenye ngazi za shule.

Vipimo vya kwanza havikueleweka. Kila wakisoma, namba ilikuwa nyingine. Mwalimu aliketi tu ukingoni. Msichana mmoja mwenye kiraka cha rangi ya samawati kwenye sweta yake akapitisha vidole polepole kwenye mpira tangu ncha moja, akasimama, akainua kipande hicho kwenye jua. Kiputo kidogo cha hewa, urefu wa ukucha, kilikuwa kimekaa kwenye kona ya mpira. Mafundi hukikwepa kwa kuujaza mpira taratibu kutoka ndoo iliyoinuliwa, na kuugongagonga. Walimwaga maji yote wakaanza upya. Walipokuwa wakifanya hivyo lori moja la mchanga lilisubiri, dereva akazima injini, akashuka kutazama.

Safari hii namba zikatulia. Kwenye fito iliyosimama "juu", maji yalikuwa yamepanda vidole kadhaa zaidi ya kwenye fito iliyosimama "chini". Wakabadilishana fito, kama Susu alivyogeuza miguu ya chombo chake, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Jibu likawa lilelile. Wakasogea mbele mita 10, wakapima, wakasogea tena. Kipande chote kile kinateremka kuelekea upande ambao macho yote yanasema kinapanda. Maji ya Kyamwilu yanateremka kama maji ya mahali pengine popote.

Safari nyingi za shule zingeishia hapo. Mwalimu angetoa muhtasari, watoto wangenakili, basi. Lakini yule msichana aliyeiona hewa aliinua mkono. "Mwalimu, kama mvutano wa dunia wenyewe umepinda hapa, basi na maji ya mpira yamepinda nao. Timazi pia. Vyote vitadanganya pamoja. Tutajuaje?"

Mwalimu alinyamaza kwa muda, kisha akamwambia aliandike swali hilo kwenye ukurasa wa mbele wa daftari, na kwamba yeye mwenyewe atahitaji kwenda kulifikiria. Nilitamani sana kusema kitu, ila nilikuwa nimeahidi. Swali la mtoto huyu ndilo lililompeleka mwanafalaki wa Kiingereza Nevil Maskelyne kwenye mlima wa Schiehallion huko Uskoti mwaka 1774. Ikiwa kila chenye uzito kinavuta, alifikiri, basi mlima mkubwa nao lazima uivute timazi kidogo kuelekea kwake. Na kwa kuwa kila chombo cha ardhini kingevutwa pamoja, aliamua kupima kwa kitu ambacho mlima haukifikii, yaani nyota. Alikaa miezi kadhaa ya baridi na mawingu, upande wa kusini na wa kaskazini wa mlima, akilinganisha timazi na nyota zilezile. Tofauti aliyoipata kati ya pande mbili ilikuwa sekunde 11.6 za pembe, na nyuzi moja ina sekunde 3,600. Kwenye timazi ya mita 1 hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Kutokana na tofauti hiyo ndogo Charles Hutton alikokotoa kwamba dunia, kwa wastani, ni nzito mara 4.5 kuliko maji ya ujazo uleule. Leo tunajua ni kama mara 5.5. Kwa hiyo ndiyo, mvutano unaweza kupinda karibu na mlima, lakini mlima mzima unaipinda timazi kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na kilima cha Kituluni hakina uwezo wa kugeuza mteremko wa barabara.

Nilimweleza mwalimu habari hizi baadaye, kando ya watoto, na akaamua kwamba hatawapa zote kwa mara moja. Kwanza angewauliza wangetumia nini ambacho kilima hakikivuti.

Katika Afrika Mashariki tuna sababu ya kuyaheshimu maswali ya aina hii. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alitia mchanganyiko wake wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado moto, akauona ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa moto. Alipouliza sababu alichekwa, na mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alilibeba swali hilo mpaka alipomkuta Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulijaribu badala ya kulicheka, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana juu ya jambo lenyewe, wengine wakisema halipo. Ubishi huo unafanywa kwa vipimajoto, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kinachoniuma ni miaka ambayo kijana yule alizungushwa bila mtu wa kumwambia twende tukapime.

Mwalimu wa Iveti amejifunza kazi yake katika utaratibu ulioanza zamani. Mwaka 1998 Kenya, kwa msaada wa Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, na Makueni, jirani ya Machakos, ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio. Kazi hiyo iliendelezwa na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Kiini cha mafunzo yake kilikuwa kwamba mwanafunzi atende, na kwamba mwalimu asiyekuwa na kifaa akibuni kutoka vitu vya karibu. Nimesikia walimu wakilalamika kwamba kubuni kumegeuzwa kuwa kisingizio cha serikali kutonunua vifaa, na wana haki. Mpira wa fundi haupimi mkondo wa umeme, na gololi haitamfundisha mtoto jinsi asidi inavyofanya kazi. Shule hizi zinahitaji maabara, zinazihitaji sasa, na Susu hawezi kuwa jibu la bajeti ya elimu. Hata hivyo nimeona pia maabara ambamo vifaa vimekaa kwenye maboksi yao, vikisubiri mtihani. Mtoto aliyekwisha kuitoa hewa kwenye mpira kwa vidole vyake atajua la kufanya siku atakapopewa kifaa cha kweli.

Swali lililobaki ni la macho. Kwa nini, hata baada ya kupima, bado tunaona barabara inapanda? Nilisimama pale nikiujua ukweli, namba zimeandikwa ubaoni, na bado niliona inapanda. Mahali kama Kyamwilu ni pengi duniani: Electric Brae huko Uskoti, Magnetic Hill huko Moncton nchini Kanada, na barabara moja ya Dhofar nchini Omani, karibu na Mirbat, ambako magari nayo huonekana kupanda yenyewe. Mwaka 2003 Paola Bressan wa Chuo Kikuu cha Padova, Italia, na wenzake wawili walichapisha utafiti walioufanya kwa kutengeneza barabara ndogo za mezani. Walionyesha kwamba upeo wa macho ukifichwa, au mteremko mdogo ukitanguliwa au kufuatwa na mteremko mkali, jicho hupoteza kipimo chake cha usawa na kuchukua vilima na miti ya jirani kuwa kipimo badala yake. Kyamwilu imezungukwa na vilima. Huoni mahali ambapo anga linakutana na tambarare.

Mchana, shuleni, mwalimu alifungua maboksi ya karatasi ngumu na kuwaachia watoto wajenge barabara yao: vipande vitatu vilivyounganishwa kwa gundi ya unga, cha katikati kikiteremka kidogo, na karatasi nyingine nyuma ikiwa vilima. Waliangalia kwa tundu la karatasi iliyokunjwa. Kikundi kimoja kiligundua kwamba ukiondoa vilima vya karatasi, mteremko unaanza kuonekana ulivyo, na ukivirudisha unapotea. Wakavirudisha na kuviondoa, wakiitana kutoka upande wa pili wa darasa.

Sasa wanataka kurudi barabarani na mashuka. Mpango wao ni kufunga mashuka kwenye fito ndefu, kuvifunika vilima kimoja baada ya kingine, na kumwuliza kila anayepita, pamoja na wale vijana wa chupa za maji, upande upi ni juu, kisha kuandika jibu kabla na baada. Mwalimu amewakubalia kwa masharti: barua za wazazi, vitambaa vyekundu zaidi, na wajue kwanza watauliza watu wangapi na kwa maneno gani. Tulipoachana walikuwa wanabishana kama aliyekwisha kuona mpira wa maji aruhusiwe kujibu, na yule msichana alikuwa ubaoni akichora jedwali lenye safu mbili, moja ya waliopima na moja ya ambao hawajapima.